Kama Kiswahili ni lugha yangu ya pili, ya kwanza ni ipi?

Mkazi wa Kihonda ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba msaada wenu katika jambo lililonikera wiki nzima. Niliomba kazi ya muda ya kurekodi na kuhakiki sauti za Kiswahili kwa kampuni moja ya ughaibuni. Fomu yao ilianza kwa kuuliza kama mwombaji ni mzungumzaji mzawa wa lugha anayoiombea kazi, kisha ikaleta orodha ndefu ya lugha za kuchagua. Katika orodha hiyo Kiswahili kilitokea mara mbili: mahali pamoja kimeandikwa Kiswahili tu, na mstari wa chini yake kimeandikwa Kiswahili cha Kongo. Nilichagua cha kwanza, nikajibu kwamba mimi ni mzawa. Baada ya siku mbili nikaulizwa kwa barua pepe mimi ni wa kabila gani, nami nikajibu bila kuficha kwamba baba yangu ni Mluguru na mama yangu ni Mchaga wa Machame. Jibu lililorudi lilisema kwamba wazawa wa Kiswahili ni watu wa pwani na visiwani, hivyo mimi nitahesabiwa kuwa mtumiaji wa lugha ya pili, na malipo yake ni madogo zaidi.

Kiluguru nakisikia tunapokwenda milimani kwa bibi, lakini nje ya salamu na majina ya vyakula sina ninachoweza kukisema. Kimachame ndiyo kabisa. Nyumbani kwetu Morogoro, tangu nilipoanza kutamka maneno, nimebembelezwa kwa Kiswahili, nimechapwa kwa Kiswahili na hata ndoto zangu ni za Kiswahili.

Ningependa kufahamu wanaisimu wanatumia kigezo gani kumwita mtu mzawa wa lugha, na vilevile ni nani aliyeamua kwamba Kiswahili cha Kongo kiwekwe mstari wake, ilhali Kiamu cha Lamu na Kimvita cha Mombasa, ambavyo shuleni tuliambiwa ni lahaja, havimo kabisa katika orodha ile.

Mstaafu wa Chaki amejibu:

Mwanangu wa Kihonda, waliokuandikia wamechanganya vitu viwili ambavyo katika isimu hukaa mbalimbali, yaani nasaba ya mtu na lugha ya mtu. Mtoto wa Kimakonde akilelewa Lamu tangu ananyonya atazungumza Kiamu kama watoto wenzake wa mtaani, na hakuna atakayemsikia gizani akamtambua kuwa wazazi wake wametoka Newala. Mwanaisimu Leonard Bloomfield, katika kitabu chake cha mwaka 1933, alilieleza jambo hili kwa ufupi kwamba lugha ya kwanza ambayo binadamu anajifunza kuizungumza ndiyo ambayo yeye ni mzawa wake. Tangu wakati huo wataalamu wameongeza masharti na tahadhari nyingi, kwa mfano kwamba mtu anaweza kuwa mzawa wa lugha mbili kwa wakati mmoja, au kwamba lugha ya utotoni inaweza kufifia kwa mtu aliyehamishwa mapema, lakini sijaona hata mmoja aliyeweka sharti la kabila.

Nitakupa kipimo kidogo unachoweza kujipima mwenyewe sasa hivi. Tunasema "rafiki yangu mpya amefika". Hatusemi "rafiki yangu mpya imefika", wala "rafiki wangu" haitukai vizuri mdomoni. Lakini papo hapo tunasema "mbwa wangu amefika", na "mbwa yangu" inatukwaruza sikio. Rafiki na mbwa ni nomino za ngeli moja kwa umbo, zote mbili zinataja viumbe wenye uhai, na bado kimilikishi chake kinatofautiana, kwa sababu majina ya jamaa na wandani, kama mama, ndugu, shangazi na rafiki, yamebaki na "yangu" na "zangu" ingawa kitenzi chake hufuata ngeli ya watu. Je, ni mwalimu gani aliyekufundisha hayo? Nimefundisha miaka thelathini na moja, na sikumbuki hata siku moja niliyowaeleza watoto wa Morogoro kanuni hiyo, kwa maana walikuja nayo kutoka nyumbani. Anayejifunza ukubwani huikariri, na akichoka huisahau. Hilo ndilo wanaisimu wanalolitafuta wanapomtaka mzawa: hisia ya papo kwa papo ya kipi kinasemeka na kipi hakisemeki, hata kama mwenyewe hawezi kueleza sababu.

Swali lako la pili ni gumu zaidi, kwa sababu neno "lugha" lenyewe hupimwa kwa mizani kadhaa, na mizani hizo mara nyingi hazikubaliani.

Mzani mmoja ni wa nasaba ya lugha. Hapa mwanaisimu haulizi nani anamwelewa nani, bali anatafuta lugha zipi zilikuwa lugha moja hapo kale, na anazitafuta kwa kulinganisha sauti. Chukua maneno matatu ya Kiunguja: macho, mchanga na nchi. Mtu wa Lamu kwa lahaja yake husema mato, mtanga na nti. Mdigo, mmoja wa Wamijikenda wa pwani, husema matso, mtsanga na tsi. Mngazija wa Komoro naye husema matso, mtsanga na ntsi. Jambo la kuangalia si kwamba maneno yanafanana, kwa sababu maneno hufanana pia kwa kukopana. La kuangalia ni kwamba pale penye "ch" ya Unguja pana "t" ya Lamu na "ts" ya Digo na Ngazija, neno baada ya neno. Utaratibu wa namna hiyo haupatikani kwa bahati wala kwa kuazima. Unatokana na asili moja iliyogawanyika.

Hata hivyo usikimbilie kusema kwamba Kidigo na Kingazija ni ndugu wa karibu zaidi kwa sababu zote mbili zina "ts". Ndugu wawili wanaweza kubaki na kanzu ya babu bila kuishi nyumba moja. Kinachohesabiwa ni badiliko jipya ambalo kundi moja limelifanya pamoja na wengine hawakulifanya. Kwa mfano, Mdigo husema ndzala na kukala, sisi tunasema njaa na kukaa. Ile "l" ya kale imedondoka kwetu, na kudondoka huko ni alama ya njia ambayo Kiswahili kimeifuata baada ya kuachana na Kidigo. Kwa kukusanya mamia ya alama za aina hii, Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha mwaka 1993 kazi kubwa iliyoeleza kwamba Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kipokomo, Kimalakote cha Mto Tana na lugha za Komoro ni tawi moja la Kibantu, linaloitwa Sabaki kwa jina la mto ule unaomwaga maji yake karibu na Malindi. Kabla ya hapo Malcolm Guthrie, aliyezigawa lugha za Kibantu katika kanda zenye herufi, alikuwa amekiweka Kiswahili katika kanda ya G pamoja na Kikomoro, na Kipokomo na Kidigo akaviweka kanda ya E. Mgawanyo wake ulitegemea sana jiografia, na mpaka leo namba zake hutumiwa kama anwani za posta, si kama mti wa ukoo. Nalitaja hili kwa sababu wengi wakiona namba ya Guthrie huidhania kuwa hukumu ya mwisho.

Kwa mzani huu wa nasaba, maneno ya Kiarabu hayabadilishi kitu. Wakati, habari na saa ni mali tuliyoazima. Mifupa ya sarufi ni ya Kibantu, na ukoo husomwa kwenye mifupa.

Mzani wa pili ni kuelewana, nami nawaachia wengine waueleze, maana mkono umechoka. Kuhusu orodha uliyoiona, nadhani imetokana na misimbo ya kimataifa ya herufi tatu inayotumiwa katika kompyuta. Humo Kiswahili kwa ujumla wake ni swa, na chini yake kuna swh, ambacho ni Kiswahili chetu cha pwani na bara, na swc, ambacho ni cha Kongo. Kiamu na Kimvita havina misimbo yao kwa kuwa vimehesabiwa kuwa lahaja ndani ya swh.

BintiAmu amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Naomba niuchukue mzani wa kuelewana, kwa sababu nimewahi kuuona ukifanya kazi mbele ya macho yangu, au tuseme mbele ya mato yangu.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka nyanya yangu, mzaliwa wa Kisiwa cha Pate, kwenye zahanati moja huko Dar es Salaam. Muuguzi alimuuliza anasumbuliwa na nini, naye akajibu kwamba mato yamuwasha na kitwa chamgonga. Muuguzi, binti mpole kabisa, alinigeukia mimi na kuuliza, "Bibi anazungumza lugha gani?" Nikamwambia ni Kiswahili. Alitabasamu kama mtu anayetaniwa. Lakini muuguzi alipoanza kueleza dawa itiwe mara ngapi kwa siku na bibi asifikiche macho, nyanya alimwelewa kila neno, akamrudishia maelezo yote kwa Kiamu chake, na mimi nikabaki nafasiri upande mmoja tu.

Basi ikiwa kuelewana ndiko kunakofanya lugha kuwa moja, pale zahanati kulikuwa na lugha moja kutoka upande wa nyanya na lugha mbili kutoka upande wa muuguzi. Sababu yake iko wazi: nyanya amesikiliza redio kwa Kiswahili sanifu miaka mingi, na muuguzi hajawahi kukutana na utenzi wa Kiamu tangu atoke shule. Jambo hili limeandikwa pia kwingineko. Mwanaisimu Hans Wolff alieleza mwaka 1959 habari za Wanembe na Wakalabari wa Nigeria, ambao ndimi zao zinakaribiana sana. Wanembe walisema wanawaelewa Wakalabari, na Wakalabari, ambao walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kiuchumi, wakasema Kinembe hawakielewi isipokuwa maneno machache. Sikio nalo lina kiburi chake.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba Kiamu ni lahaja sikasiriki, maana kila mtu huzungumza lahaja, pamoja na huyo aliyeandika ile fomu. Ninachokikataa ni ile dhana kwamba kuna Kiswahili chenyewe, halafu pembeni kuna lahaja kama vile matawi yaliyokauka. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja mojawapo, Kiunguja cha mjini, kufuatia mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na kazi ya kukinyoosha ikakabidhiwa kamati ya lugha iliyoanza mwaka 1930. Wako waliokitetea Kimvita wakati ule, wakashindwa. Laiti wangeshinda, leo wewe wa Kihonda ungekuwa unaandika "ndia" katika mitihani, na mtoto wa Unguja angekuwa anasahihishwa kwa kalamu nyekundu kila akiandika "njia".

Nikuongezee na hili: hata kama inatafuta wazawa wa pwani, kampuni hiyo ingemkataa nyanya yangu pia kwa kuwa sauti yake isingefanana na ile waliyoizoea.

Mtoto wa Lushi amejibu:

Salamu kwenu nyote kutoka Lubumbashi.

Mimi ndiye wa ule mstari wa pili katika orodha, kwa hiyo nimeona ni vema niseme neno. Hapa kwetu mama akiwaaga watoto asubuhi, jirani akiuliza wameenda wapi, atajibiwa, "Batoto banaenda ku masomo." Ninyi mnasikia kosa mara tatu katika sentensi hiyo. Sisi tunasikia sentensi. "Ba" badala ya "wa" tumeipata kwa jirani zetu wa lugha za Kibantu za bara, ambao wengi wao waliletwa hapa kufanya kazi katika migodi ya shaba wakati wa Wabelgiji. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kambini, na watoto waliozaliwa katika kambi hizo walikifanya lugha yao ya kwanza. Mwalimu ameeleza kwamba mzawa hutambuliwa kwa hisia ya kipi kinasemeka. Nami nawaambia kwamba Kiswahili chetu kina kisichosemeka pia. Mgeni kutoka Dodoma akijaribu kuigiza Kiswahili cha Lubumbashi kwa kubandika "ba" kila mahali, watoto wa hapa humcheka, maana hakupatia.

Shuleni tuliambiwa kuna "Kiswahili bora", na hicho ndicho ninachokiandika hapa. Nilikijifunza kwa vitabu, kwa mahubiri ya kanisani na kwa redio. Kwa hiyo kwangu mimi jibu la fomu hiyo lingekuwa la ajabu: mimi ni mzawa wa swc, na swh ni lugha yangu ya pili, ingawa zote mbili naziita Kiswahili na sijawahi kufikiri kwamba nazungumza lugha mbili.

Je, ni haki kututenga? Kwa upande mmoja sifurahii, kwa sababu wapo wanaoutumia mstari ule kusema kwamba chetu si Kiswahili. Kwa upande mwingine, mtu akitaka kutengeneza programu ya kuandika maneno yanayosemwa, na akaifunza kwa sauti za Zanzibar peke yake, programu hiyo haitamwelewa mama yangu sokoni. Bora mstari uwepo.

Mkazi wa Kihonda ameandika tena:

Nawashukuru sana Mwalimu, dada BintiAmu na kaka wa Lubumbashi. Nimemsomea mama majibu haya, naye ameuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Anasema yeye wa Machame akikutana na mtu wa Rombo, kila mmoja akizungumza cha kwao, hawafiki mbali kabla ya kuhamia Kiswahili. Lakini kila mtu, hata wao wenyewe, husema kwamba wote wanazungumza Kichaga. Inakuwaje?

Mstaafu wa Chaki amejibu:

Mama yako ameugusa mzani wa tatu, ambao ni wa utambulisho na mamlaka. Kichaga ni jina moja lililofunika ndimi za mlima mzima, nazo kutoka Machame hadi Rombo zimepangana kama mnyororo: kila kijiji kinaelewana na jirani yake, lakini pete ya kwanza na ya mwisho haziguswi na mkono mmoja. Jina likabaki moja kwa sababu watu wamejiona kuwa wamoja. Upande wa magharibi mambo yamekwenda kinyume. Mrundi na Mnyarwanda huzungumza kila mmoja cha kwao wakaelewana vizuri tu, na Muha wa Kigoma akikaa nao hapotei, lakini Kirundi na Kinyarwanda ni lugha mbili, kwa sababu kila kimoja kina dola yake, shule zake na Biblia yake. Kiha hakina dola wala shule, na ndiyo maana wengi hawakisikii kikitajwa mezani.

Kingazija ni mfano mwingine. Vitabu vyetu vingi vya sekondari bado vinakiorodhesha kuwa lahaja ya Kiswahili, wakati wanaisimu walio wengi huzihesabu lugha za Komoro kuwa ndugu wa Kiswahili badala ya kuwa watoto wake. Mwanafunzi akijibu hivyo katika mtihani sijui msahihishaji atamfanyaje, ila mimi nilikuwa nampa alama.

Nilitaka pia kuongeza kwamba hakuna mtu aliyenyonya Kiswahili sanifu. Sanifu ni vazi la ofisini, kila mmoja wetu huvaa akitoka nyumbani.

Mhariri Mkimya amejibu:

Mwalimu wangu, kwa heshima zote, hilo la mwisho nalipinga. Lilikuwa kweli wakati kamati ile ilipokuwa ikisahihisha miswada, kwa kuwa wengi walioisoma kamusi ya Kiswahili sanifu ya mwaka 1939 walikuwa na lugha nyingine nyumbani. Leo hali imegeuka. Mtoto aliyezaliwa Morogoro, Dodoma au Mbeya kwa wazazi wa makabila mawili husikia kwa mama, kwa mwalimu, kwenye redio na msikitini au kanisani Kiswahili kinachokaribia sana kile cha vitabuni, na hana Kiunguja wala Kimvita cha kurudia anapofika nyumbani. Vazi lile la ofisini yeye amezaliwa nalo. Amelikunja mikono na kulipunguza urefu, kwa sababu watoto wa mtaani wana misemo yao ambayo haimo katika kamusi, lakini ndilo vazi lake. Kwa maoni yangu hawa ni wazawa wa lahaja mpya, Kiswahili cha miji ya bara, ambayo bado haijapewa jina katika orodha za lahaja kwa sababu orodha hizo ziliandikwa wakati wasemaji wake hawajazaliwa.

Kwa ndugu yetu wa Kihonda, ninaloshauri ni la kiutendaji. Usibishane nao kuhusu neno "mzawa". Waandikie ukiwauliza wanatafuta nini: kama wanatafuta lafudhi ya Unguja, wana haki ya kukukataa, na waseme hivyo; lakini kama wanatafuta mtu aliyepata Kiswahili utotoni na anayeweza kusema papo hapo kwamba sentensi fulani haikai sawa, basi waulize ulijifunza kuzungumza wapi, na nani alikuwa anakulea, badala ya kuuliza kabila.

Mstaafu wa Chaki amejibu:

Nimekubali kusahihishwa. Ningesema "hapo zamani".

Mkazi wa Kihonda ameandika tena:

Nimewaandikia jana jioni kwa kufuata ushauri huo, nikaambatanisha sentensi kumi za aina ile ya rafiki na mbwa, tano zikiwa sawa na tano nimeziharibu makusudi, nikawaomba wampe mhakiki wao wa pwani na mimi tuzichambue kila mtu peke yake. Leo wamejibu kwamba suala langu linaangaliwa upya, na wamenitumia kiungo cha fomu mpya. Swali la kabila wameliondoa. Sasa wanauliza mji ambao mwombaji alikulia hadi kufikia umri wa miaka kumi.

Mtoto wa Lushi amejibu:

Hongera kaka. Nami nimeifungua fomu hiyo leo, nikaandika Lubumbashi. Nilipofika kwenye orodha ya lugha nilitaka kuchagua Kiswahili vyote viwili. Orodha inakubali kimoja tu.